Mke Mdogo wa Fundi Makochi

Kosa lilianzia kwenye simu. Ofisi ya safari ilimpigia babu kumuuliza atasafiri na nani, naye akajibu bila kupepesa macho, "Na mke wangu." Basi tulipofika ng'ambo, baada ya kukaa kwenye ndege mpaka magoti yakagoma, tukafunguliwa chumba chenye kitanda kimoja kipana kama uwanja, na juu yake taulo mbili zimekunjwa mfano wa ndege wanaobusiana. Kiongozi wa msafara, kijana aliyening'iniza filimbi shingoni kama refa, akaniangalia mimi, akamwangalia babu, akaziangalia zile taulo, kisha akakohoa.

"Usitushangae," babu akamwambia. "Huyu nilimposa hajaota meno."

Kijana akaelewa papo hapo, maana naye hakuokotwa, ana bibi yake anayemwita mume. Alicheka mpaka akajishika ukutani. Tukabadilishiwa chumba, tukapewa vitanda viwili vyembamba, na kufikia chakula cha jioni msafara mzima wa wazee ulikuwa unaniita Bi Mdogo. Hakuna aliyejisumbua kuniuliza jina.

Utani wenyewe ni wa siku nyingi. Tangu nilipoweza kusimama kwa kushika miguu ya stuli, babu ananiita mke mdogo. Bibi, ambaye ndiye mke mkubwa, alikuwa ananiita mke mwenza, na cheo hicho alikitumia kunitia adabu. Mke mwenza njoo uoshe masufuria, mume si wetu sote? Nikimjibu kwamba mume mwenyewe kachakaa, sioni faida ya hii ndoa, ananiambia nivumilie, yeye kavumilia zaidi. Babu akiwepo ananigusa ubavuni kwa kiwiko, mguso mmoja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yake kwamba anatania. Uso wake haukusaidii. Uso wa babu haujawahi kushiriki utani wowote; unabaki vilevile kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Jioni tuliyotoka kumzika bibi, nilimkuta amekaa peke yake kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, bado na koti la msibani. Nikakaa pembeni yake. Halafu akasema, "Haya, mke mdogo. Umebaki peke yako nyumbani. Umefurahi?" Nikamwambia nimefurahi sana, nilikuwa nangoja kwa hamu. Kiwiko kikanigusa. Tukacheka wote wawili, na katikati ya kicheko akavua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya mimi kuacha kucheka.

Babu ni fundi makochi. Si fundi wa kutengeneza mapya, hayo anayadharau, anasema yametengenezwa kwa stepla na matumaini. Yeye ni wa kufufua. Unamletea kochi limelala tumbo chini, springi zinachungulia, kitambaa kimeota mba, analivua mpaka linabaki mbao tupu, halafu anaanza kulivika upya: ukanda, springi, gunia, sponji, pamba, kitambaa. Misumari midogo anaijaza mdomoni, anaitema mmoja mmoja kwenye ncha ya nyundo yenye sumaku, na kugonga kabla hujajua kilichotokea. Kwa ajili ya kazi hiyo alizoea kuongea kwa upande mmoja wa mdomo, na hata sasa, mdomo mtupu, maneno yake yanatokea upande wa kushoto kama yanakwepa kitu.

Kabla hajavua kochi lolote anaingiza mkono kwenye ule ufa kati ya kiti na mgongo, mpaka kwenye kiwiko. Huko alishatoa vitana, funguo, kalamu, hereni ya upande mmoja, na siku moja nusu ya meno ya bandia. Vyote anavirudisha kwa wenyewe. Yale meno aliyapeleka kwa miguu mpaka nyumbani kwa mwenyewe, akaambiwa mzee alishafariki, akawauliza kama basi wanataka kubaki nayo. Bibi alikuwa akisimulia kisa hicho anapaliwa.

Karakana yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango unafungukia barabarani. Ukitoka karakana unaingia sebuleni, ukitoka sebuleni unaingia jikoni, na hapo ndipo maisha yake yote yalipokaa, mstari mmoja ulionyooka. Akiwa anagonga misumari huku, bibi anamjibu kutoka kule bila mtu kupandisha sauti.

Sasa kilichotupeleka ng'ambo ni hiki. Bibi alipoondoka, babu akabaki peke yake kwenye ule mstari. Sufuria likaungua mpaka likafanana na kofia ya askari. Halafu likaungua lingine. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye anapenda vikao kuliko chakula, akaitisha kikao, akasema baba ahamie kwake ghorofani na nyumba ipangishwe. Babu akamuuliza akikaa huko juu atafanya kazi gani, ya kulinda mawingu? Maneno yakawa makali. Mama akaingia kati. Watoto walishakwisha kuchangia safari ya wastaafu, iliyokuwa ya babu na bibi, na nafasi ya bibi ilikuwa imekaa bure. Mama akasema mzee aende, na mimi niende naye, kwa kuwa sina kazi, na diploma yangu ya utalii niliiacha katikati, kwa hiyo angalau nusu yangu inajua mambo ya wageni. Tukirudi, mimi ndiye nitakayesema. Nikisema mzee ni mzima, hakuna tena atakayegusa habari ya kuhama. Nikisema si mzima, mjomba anamchukua moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege.

Babu alikubali akashikana mikono na mwanawe. Jioni yake akaniita karakana.

"Mke mdogo, nyumba yangu iko kwenye ulimi wako," akaniambia. "Na ulimi wako naujua."

Nikamwambia basi awe ananinunulia soda.

Na ukweli ni kwamba safari ilikwenda vizuri. Alitembea kuliko wenzake. Kila hoteli, kila ukumbi, kila chumba cha kungojea, alikuwa anabonyeza makochi ya watu kwa ngumi na kutoa hukumu, hili wamejaza sponji ya kuoshea vyombo, hili lina mtu anayejiheshimu ndani yake. Wazee walimpenda. Kulikuwa na muuguzi mstaafu, mama mpana mwenye sauti ya wodini, tukimwita Sista, ambaye alikuwa anakusanya sabuni za hoteli kama kwamba vita vinakuja. Yeye na babu walichokozana kutwa. Kulikuwa pia na hakimu mstaafu aliyekuwa anaagiza chai kana kwamba anatoa kifungo.

Makosa madogo yalikuwepo. Aliwahi kuingia chumba cha watu, lakini milango yote ilifanana, hata Sista aliingia kwetu akavua viatu. Aliwahi kutia chumvi kwenye chai, lakini vikopo vyenyewe vilikuwa mapacha. Kila kosa lilikuwa na wakili wake, na wakili nilikuwa mimi. Kufikia siku ya mwisho nilishatunga kabisa nitakavyomjibu mjomba: mzee ni mzima kuliko wewe, na analala mapema.

Siku hiyo ya mwisho ilianza kwa kicheko. Tuliagizwa tuweke masanduku nje ya milango kabla ya kifungua kinywa, yachukuliwe yapelekwe chini. Nilitoka bafuni nikamkuta babu amesimama katikati ya chumba, amevaa nguo za kulalia na koti juu, viatu vimeng'arishwa. Nguo zake zote, hadi soksi, alikuwa amezifungia kwenye sanduku, na sanduku lilishaondoka. Kosa hilo sikuona nitalitetea vipi. Lakini tulipofika kwenye lifti tukamkuta hakimu naye yuko ndani ya pajama za mistari, kakosea vilevile, kasimama wima anangoja mlango ufunguke kama kwamba mahakama iko kwenye kikao. Babu akamwinamia, akasema, "Mheshimiwa." Hakimu akamwinamia pia. Kiongozi akatumwa mbio kwenda kufungua masanduku, na mimi wakili nikapumua.

Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa la baada ya chakula cha mchana. Asubuhi tuliachiwa tufanye tunalotaka, wengi wakaenda kununua zawadi. Babu alitaka duka moja tu, duka la vitambaa vya makochi alilolipigia jicho tangu siku ya kwanza basi lilipopita mbele yake. Lilikuwa mtaa wa pili nyuma ya hoteli. Ndani, majora yamesimamishwa wima ukutani kama watu wanaongoja kuitwa, na hewa ina ile harufu ya kitambaa kipya inayokausha pua. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwenye futi ya utepe shingoni. Hakujua neno la kwetu na babu hakujua neno la kwao, lakini babu alipogeuza pindo la kitambaa na kulisugua kwa mgongo wa kidole gumba, dada akaenda mwenyewe kumletea majora mazuri yaliyofichwa nyuma. Alivuta nyuzi, akanusa, akakikunja kitambaa na kukiachia aone kitakumbuka mkunjo au kitasahau. Mwisho akabaki na cha kijani, kizito, chenye mfumo wa nyuzi ndogondogo.

"Au unataka cha kahawia?" akaniuliza.

Nikamwambia hicho hicho, ingawa kijani kitaonyesha uchafu.

"Uchafu upo tu. Mtoto bado anakojoa popote."

Nikacheka. Nikamuuliza mtoto gani tena, mzee, mbona una haraka, hata harusi hatujafanya. Nikangoja kiwiko.

Hakikuja. Aliendelea kukipapasa kile kitambaa, akasema kwa upande wake ule wa mdomo kwamba kochi la sebuleni nimelilalamikia sana, na yeye amekuwa fundi wa watu, nyumbani kwake mwenyewe watu wanakalia springi. Kisha akainua kichwa akaangalia mlangoni.

"Yule msichana kaenda wapi?"

"Msichana gani, babu?"

"Mjukuu wetu. Basi litamwacha."

Mimi nina mdomo ambao haujawahi kupungukiwa neno, si mbele ya walimu wa chuo, si mbele ya askari. Pale dukani ulikaa kama umeshonwa. Nilimwangalia usoni nikitafuta utani, na uso, kama nilivyosema, haukuwahi kusaidia mtu. Ila macho yake yalikuwa yanaangalia mlango kwa wasiwasi wa kweli, kama ya mtu aliyeaminiwa mtoto wa mwenzake.

Nikasema anakuja sasa hivi.

Akanisogelea. Alishusha sauti ikawa ile niliyokuwa naisikia utotoni nikilala kwao, sauti ya upande wa pili wa ukuta, taa zimeshazimwa, yeye na bibi wanamalizia maneno ya siku.

"Usimwambie kitu," akasema. "Jina lake limenitoka, sijui tangu lini. Namwita mke mdogo, anacheka, siku inapita. Ni mtoto mzuri. Lakini akijua atawaambia, na wakijua watanitoa kwako."

Aliposema kwako alinishika mkono, mkono wa mume kwa mkewe, mwepesi, bila kuangalia.

"Simwambii," nikasema.

Nilifikiria nini? Sikufikiria. Kuna maswali ambayo kabla hujapima, jibu limeshatoka, kwa sababu aliyekuuliza anaogopa.

Dada wa duka akakata kitambaa, akakikunja, akakifunga kwa karatasi na uzi. Nilimgeukia nimalizane naye, macho yangu yakiwa yamejaa maji na mimi najifanya ni vumbi la majora. Nilipogeuka tena, babu hayupo.

Nilitoka mbio na ule mzigo kifuani. Mtaa ulikuwa umejaa watu waliovaa makoti ya rangi moja, wazee wengi wana kofia, kila kofia niliyoikimbilia ilikuwa ya mtu mwingine. Nikajaribu kuuliza. Nilichora kofia hewani, nikachora mgongo ulioinama, watu wakanipisha kwa adabu kama wanampisha kichaa. Nikarudi hotelini. Kiongozi wa msafara aliposikia akapauka, maana kupoteza mzee siku ya kurudisha wazee ni kumwaga unga. Sista alikuwa pale mapokezi. Aliacha mkoba wake wa sabuni juu ya kiti na kutoka nasi bila kuuliza swali. Tukagawana njia.

Nilimsikia kabla sijamwona. Yaani nilisikia honi. Pale makutano, ambapo mabasi ya mjini yanakata kona, babu alikuwa amesimama kwenye kile kipande chembamba cha saruji kati ya barabara mbili, mkono ameuinua. Basi likija anashuka barabarani analisimamisha. Moja lilikuwa limefunga breki mbele yake kabisa, na yeye anagonga mlango wake kwa vifundo vya vidole, anamwambia dereva kwa Kiswahili safi kabisa, bila haraka:

"Msichana mrefu, ana kelele nyingi. Hakumaliza chuo lakini ana akili. Hamjambeba humo?"

Dereva ametoa macho. Nyuma yake foleni inapiga honi. Lingine likapita upande wa pili karibu mno, upepo wake ukampeperusha pindo la koti, naye hata hakugeuka.

Nikaita, "Babu!"

Akageuka akaniona. Sijawahi kuonwa vile na mtu. Alinikamata kifundo cha mkono akanivuta kwenye ile saruji kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa barabarani.

"Ulikuwa wapi wewe? Bibi yako na mimi—"

Nikamwona anarudi. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayeshuka ngazi gizani, anatafuta kila kidato kwa ncha ya mguu kabla hajakikanyaga. Aliangalia mabasi, akaangalia mkono wake ulionishika, akawaona kiongozi na Sista wanakuja mbio. Na wao walipofika, kiwiko chake kikanigusa ubavuni.

"Mke mdogo," akasema kwa sauti ya kusikika, "ndiyo unanitoroka siku ya mwisho?"

Kukosa kile kiwiko dukani kuliniuma. Kukipata pale kuliniuma zaidi.

Kiongozi alihema mpaka filimbi ikacheza kifuani, halafu akanigeukia mimi. Bi Mdogo, unamwachaje mzee peke yake? Unapotea mtu mzima unatafutwa na mababu? Nikasema nisamehe. Kwenye basi habari ilishaenea na ilishapikwa: mimi nilivutwa na madirisha ya maduka, nikapotea, babu wa watu akasimamisha mji mzima kunitafuta. Wazee walinipigia makofi nilipopanda. Hakimu akanihukumu kubeba mikoba ya mkono ya kila mtu, bila rufaa. Babu alikaa dirishani, kitambaa chake magotini, anacheka nao. Alikuwa mzima. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye lile basi angekula kiapo kwamba mzee ni mzima na mjukuu wake ndiye wa kuangaliwa.

Sista alihamia kiti cha pembeni yangu, kikalia kwa uchungu. Tukaangalia majumba yanapita.

"Hukupotea wewe," akasema.

Nikaipanga upya mikoba magotini.

"Marehemu wangu alinitania vizuri sana mwaka wake wa mwisho. Nikadhani ujana umemrudia." Akafungua mkoba, akapekua, akanipa sabuni moja ya hoteli ndani ya karatasi yake, kama mtu anayetoa rambirambi. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Tulikaa kwenye viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, vile ambavyo mwenzako akitikisika nawe unatikisika. Babu alivibonyeza akasema aliyevitengeneza hana mgongo. Ilikuwa bado kidogo tuitwe kupanda ndipo simu yangu ikalia, mama.

Hakuwa na salamu ndefu. Kaka yake anamsumbua tangu asubuhi, anataka kujua aje uwanjani na gari, au asije. "Wewe sema tu neno moja," mama akasema. "Mzee yukoje?"

Babu alikuwa ubavuni kwangu. Alijua nani anapiga na anauliza nini. Hakuangalia simu, aliangalia mdomo wangu.

Neno lilikuwepo tayari, nilishalitunga, mzima, silabi tatu, nyumba inabaki, karakana inabaki, misumari inabaki kwenye kopo lake. Hakuna ambaye angenipinga. Na ningekuwa nimetimiza ahadi, ingawa sijui niliitoa nikiwa nani. Lakini nilikuwa bado naliona lile pindo la koti linavyopepea. Mlango wa karakana unafungukia barabarani, na ile barabara yetu haina hata kipande cha saruji katikati. Leo alitoka kunitafuta mimi, nikapatikana, kwa sababu nipo. Siku moja atatoka kumtafuta bibi. Atasimamisha kila gari, atauliza kwa adabu, na hakuna dereva atakayemshusha bibi kwenye gari lake. Hatachoka, maana hajui kuacha kazi katikati kama mimi.

Ningeweza kusogea pembeni nikaongea na mama kwa siri. Nilibaki pale pale.

"Mwambie mjomba aje na gari," nikasema.

Nikasikia redio inaongea jikoni kwa mama. Akauliza kwa sauti nyingine kabisa, mzee ana nini? Nikamwambia nitamweleza nikifika, si la kwenye simu, na asiruhusu mtu aitishe kikao kabla sijala. Alijaribu kucheka akashindwa. Nikakata.

Babu aliendelea kuniangalia mdomo, ingawa ulishafungwa.

"Uliniahidi," akasema.

"Najua."

"Dukani. Ulisema humwambii."

Hapo ndipo nilipopotea kweli. Kama anakumbuka ahadi, alikuwa anakumbuka aliahidiwa na nani? Alikuwa ananilaumu mimi niliyesema, au alikuwa anamlaumu bibi kwa kuja kumwambia mjukuu? Nilitaka kumuuliza, nikaona swali lenyewe ni ukatili. Nikamwambia ni ile barabara, babu. Nikamwambia niliogopa magari ya barabara yetu. Alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akiletewa kochi ambalo mbao zake zimeliwa ndani na mwenye nalo hajui, halafu akageukia upande wa pili.

Tulipoitwa nilimpa mkono ainuke. Aliupita, akashika bega la Sista. Nikabeba mikoba ya hukumu yangu nikawafuata kwenye foleni, nikiwasikia wanazungumza juu ya baridi. Sista alikuwa anasema maneno mengi kuliko kawaida. Babu alikuwa anajibu kidogo.

Ndani ya ndege viti vyetu vilikuwa pamoja, hilo hatukuweza kulibadilisha. Nilimpisha dirishani. Nikamfungia mkanda, maana ile kufuli ilimshinda, nikamtoa ule mzigo wa kitambaa magotini ili niuweke juu, nikamwekea shali mapajani. Alinisubiri nimalize yote. Kisha akaniangalia, kwa upole, akasema:

"Asante, binti."

Binti ni neno zuri, halina kosa. Ndilo mzee analomwambia mhudumu aliyemletea maji, mtoto wa jirani aliyemvusha barabara, mtu yeyote wa kike mwenye adabu ambaye si wake. Sijawahi kulisikia likitoka kwake kuja kwangu. Akageuza uso dirishani, ambako wale watu wa chini walikuwa wanapakia masanduku.

Nilikaa nikijaribu kulisoma lile neno. Mtu aliyekasirika hulisema hivyo, kukuonyesha kwamba amekuweka mbali. Na mtu ambaye umeshamtoka kabisa, wewe wote, siyo jina peke yake, naye hulisema hivyo hivyo, kwa upole uleule. Nilimwangalia kisogo chake. Kisogo hakisemi.

Ndege ikaanza kutembea. Nimewahi kuomba mambo mengi ya kipuuzi maishani, mitihani iahirishwe, mwalimu augue, mvua inyeshe. Siku ile nilifumba macho, nikaomba kwa moyo wangu wote babu awe amenikasirikia.